Ruta ya pili ndani ya biro: majina yetu yanapita njia gani?



Tangu vita vianze kuhamisha watu hapa kwetu mashariki, kuna kazi moja ambayo karibu kila familia imeifanya zaidi ya mara moja: kuandikisha majina. Jina la baba, jina la mama, watoto wangapi, mmetoka kijiji gani, namba ya simu, nani alipotea njiani. Karani anaandika, anasema asante, mtaitwa. Wengi wetu tunauliza jambo moja tu: tutaitwa lini? Leo ninaomba tuulize lingine. Yale majina yanakaa wapi, na yanapita njia gani yanapotoka biro moja kwenda nyingine?

Kwa shirika dogo la wenyeji, jibu mara nyingi ni kasanduku kenye taa ndogo kilichopachikwa ukutani, kile ambacho mafundi wanakiita ruta. Ndicho kinacholeta intaneti ndani ya biro. Na siku hizi, ukiangalia vizuri, utakuta katika baadhi ya biro visanduku viwili, kimoja kimeunganishwa nyuma ya kingine kwa waya mfupi. Mtu asiyejua atafikiri ni anasa, au kwamba cha kwanza kimeharibika. Sivyo. Kile cha pili kimewekwa ili mfanyakazi aliye Minova, Uvira au Bunia aweze kufungua kompyuta iliyo Goma au Bukavu bila watu wengine kuona anachofungua. Njia hiyo inaitwa VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita ndani ya mtandao wa watu wote. Historia yake ni ndefu kuliko tunavyodhani, na inaeleza kwa nini ruta moja haikutosha.

Tuanze na kitu tunachokijua: foni. Wazee wanakumbuka. Kabla ya simu za mkononi, misioni, hospitali, wafanyabiashara wa dhahabu na wa ng'ombe walizungumza kwa redio ya masafa marefu. Unafika saa iliyopangwa, unaita, unasema "ova", unangoja. Foni iliokoa watu wengi, lakini ilikuwa na tabia moja: kila mwenye mashine kwenye masafa yale alisikia. Ukitangaza kwamba mzigo wako unatoka Walikale Jumatano, umewatangazia pia wale wanaongoja barabarani. Kwa hiyo watu walijifunza kusema kwa mafumbo. Mzigo uliitwa "mgonjwa", fedha ziliitwa "dawa". Mwaka 1986 kampuni ya Telecel ya marehemu Miko Rwayitare ilianzishwa Kinshasa na ikaleta simu za mkononi Zaïre mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, lakini zilikuwa simu za wakubwa na matajiri. Sisi wengine tulibaki na foni na mafumbo yake.

Intaneti yenyewe ilizaliwa ikiwa na tabia ya foni, ingawa watu wengi hawalijui hilo. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA huko California ilituma ujumbe wa kwanza kwenda taasisi ya utafiti ya Stanford. Walitaka kuandika neno la watu wa kompyuta, LOGIN. Zilifika herufi mbili, L na O, mashine ikaanguka. Kila upande uliwekewa mashine kubwa iliyotengenezwa na kampuni ya BBN, kazi yake kupokea vipande vya ujumbe na kuvielekeza. Hiyo ndiyo babu ya ruta tunayoiona ukutani. Ile mashine ilijua kuelekeza, lakini haikufunga bahasha. Ujumbe ulipita wazi, kama kadi ya posta ambayo kila mtu anayeishika anaweza kuisoma. Waliokuwa humo walikuwa watafiti waliofahamiana, na sidhani kuna sababu ya kuwalaumu.

Shida ilikuja pale intaneti ilipotoka vyuoni. Katika miaka ya 1980 kampuni kubwa na benki zenye matawi katika miji miwili kwa kawaida zilitegemea njia hii: kukodi waya wa simu kutoka kampuni ya simu, waya wao peke yao, usiku na mchana, wautumie wasiutumie. Bei ilipanda kulingana na umbali. Benki iliweza kulipa. Hospitali ndogo au shirika la kijiji lisingeweza hata kuota.

Hapo ndipo wazo la VPN lilipoanzia. Badala ya kukodi waya wako mwenyewe, tumia barabara ya wote, lakini funga mzigo wako ndani ya sanduku lenye kufuli. Ruta ya upande huu inafunga, ruta ya upande ule inafungua. Wanaokaa katikati wanaona sanduku linapita, wanajua limetoka wapi na linaelekea wapi, lakini hawaoni kilichomo. Mwaka 1995 zilitolewa kanuni za kwanza za IPsec, na mwaka 1996 wahandisi wa Microsoft pamoja na kampuni nyingine walitengeneza PPTP, ambayo iliingia ndani ya Windows na kusambaa duniani kwa haraka.

Lakini kufuli za wakati ule zilikuwa na kasoro, na nyingine ziliwekwa kwa makusudi. Sheria ya Marekani iliweka programu za kufunga maandishi kwa siri katika orodha moja na silaha za vita. Programu iliyouzwa nje ya nchi ilipaswa kuwa na kufuli dhaifu, kwa kawaida ya biti 40. Agosti 1995 mtafiti wa Ufaransa, Damien Doligez, alivunja kufuli ya namna hiyo kwa siku 8. Sheria ililegezwa kuanzia mwisho wa 1996, kisha zaidi Januari 2000. PPTP nayo ilichunguzwa mwaka 1998 na wataalamu Bruce Schneier na Mudge, wakaonyesha udhaifu wake, na mwaka 2012 ikaonyeshwa hadharani kwamba nywila yake inaweza kuvunjwa ndani ya siku moja. Ninalitaja hili kwa sababu ruta nyingi za mitumba bado zina PPTP kwenye orodha yao, na fundi mvivu ataichagua kwa kuwa ni rahisi kuwasha. Kwa majina ya watu waliokimbia vita, PPTP isitumike kabisa.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo mafundi wetu wanaipigania kila siku: anwani. Kila mashine kwenye intaneti inahitaji namba yake, kama parsele inavyohitaji namba kwenye avenyu. Wale walioweka kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983 waliruhusu namba karibu bilioni 4.3. Zilionekana nyingi. Hawakufikiri kwamba siku moja mama anayeuza makala sokoni Birere angekuwa na simu mbili, zote zikitaka namba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilishaonekana kwamba hazitatosha, na Februari 2011 akiba ya dunia nzima iligawiwa mpaka fungu la mwisho.

Dawa ya muda ilipendekezwa Mei 1994, na kama dawa nyingi za muda, imebaki mpaka leo. Inaitwa NAT. Fikirini parsele kubwa yenye familia ishirini na mlango mmoja wa barabarani. Barabarani kuna namba moja tu. Ndani, kila nyumba ina namba yake ya ndani ambayo mtu wa nje haijui. Mlangoni amekaa sentineli. Mtoto akitoka kwenda dukani, sentineli anaandika: huyu ametoka nyumba ya saba. Akirudi na mkate, sentineli anamruhusu. Lakini mgeni akija mwenyewe bila mtu wa ndani kumwita, sentineli atamwambia, sijui unamtafuta nani, rudi. Ruta ya biro ndiyo sentineli. Februari 1996 zilitengwa rasmi namba za ndani, zile zinazoanza na 10, na 172.16, na 192.168, na ndiyo maana ukifungua ruta yoyote hapa mjini unakuta 192.168 na kitu fulani.

Mnaona basi mtego. Mfanyakazi aliye nje ya mji ni yule mgeni anayekuja bila kuitwa. Anabisha hodi kwenye namba ya biro, sentineli anamrudisha. Na kwa wengi wetu ni vigumu zaidi, kwa sababu kampuni za simu nazo zimeweka sentineli wao. Aprili 2012 zilitengwa namba za pekee, zinazoanza na 100.64, ili kampuni zifiche maelfu ya wateja nyuma ya namba moja ya nje. Ukitumia ruta yenye laini ya simu ndani yake, kama biro nyingi zinavyofanya, uko nyuma ya sentineli wawili, na yule wa pili hakujui wala hutamjua.

Kwa nini basi usiiambie tu ruta ya kwanza ifungue mlango kwa mfanyakazi wako? Wakati mwingine inawezekana. Lakini ile ruta ya kwanza kwa kawaida si yako. Ni ya kampuni inayouza koneksio. Nywila yake ya utawala wanayo wao. Fundi wao akija kurekebisha, anabonyeza kile kitundu cha nyuma, kila ulichopanga kinafutika. Tena ile ya bei ndogo mara nyingi haina VPN kabisa, au ina ile ya zamani niliyoisema. Na jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito: anayeshika funguo za ruta anaweza kuingia. Kuweka orodha ya familia zilizokimbia nyuma ya mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu usiyemjua si uamuzi mzuri.

Ruta ya pili ilipata kuwa rahisi kwa sababu ya tukio la kuchekesha kidogo. Desemba 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta ndogo ya nyumbani iitwayo WRT54G. Watu wa programu huria wakagundua kwamba ndani yake kulikuwa na Linux, programu ambayo leseni yake inamlazimu anayeisambaza atoe pia maandishi yake ya ndani. Wakadai. Mwaka 2003 maandishi yalitolewa, na kutoka hapo mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao unageuza kasanduku ka bei ndogo kuwa ruta inayofanya kazi za mashine za gharama kubwa. Leo ruta za namna hiyo zinatumia volti 12 au 5, yaani zinawaka kwenye betri na paneli ya jua. Kwa miji yetu ambako umeme unakuja na kuondoka, hilo peke yake lingetosha kuwa sababu.

Wakati huohuo kufuli nazo zilibadilika. James Yonan, Mmarekani aliyekuwa akisafiri Asia ya Kati, alikuwa akifungua kompyuta za kazini kwake kupitia mitandao ya nchi ambazo hakuziamini. Mwaka 2001 alitoa programu aliyojitengenezea, OpenVPN, bure kwa wote. Ninapenda kisa hiki kwa sababu hakuwa na benki nyuma yake, alikuwa mtu aliye mbali na biro yake, hali ambayo wafanyakazi wetu wanaijua sana. Baadaye Jason Donenfeld alitengeneza WireGuard, yenye mistari kama 4,000 tu ya maandishi, kiasi kwamba mtaalamu mmoja anaweza kuisoma yote akitafuta kasoro. Iliingizwa ndani ya Linux Machi 2020. Haina nywila ya kukumbuka. Kila kompyuta na kila simu ina ufunguo wake, na ruta inaorodhesha funguo inazozikubali.

Nieleze jinsi inavyofungwa, kwa sababu kuna vijana wanaofanya kazi hii na wananiuliza. Tuchukue biro ya vyumba vitatu. Waya unatoka kwenye ruta ya kampuni na kuingia kwenye mlango wa nje wa ruta ya pili. Kompyuta zenye orodha za familia zinahamishiwa nyuma ya ruta ya pili. Simu za wageni, na za wafanyakazi wanaoangalia video saa sita, zinabaki kwenye ya kwanza. Kwa mpango huo simu ya mgeni haiwezi kubisha hodi moja kwa moja kwenye kompyuta ya orodha, faida ambayo wengi wanaipata bila hata kuitafuta.

Ruta ya pili ipewe namba za ndani tofauti na za kwanza. Kama ya kwanza ni 192.168.1, ya pili iwe, tuseme, 192.168.77. Msichague namba ya kawaida. Mfanyakazi aliyekimbilia nyumba ya shemeji huko Uvira anaweza kukuta ruta ya shemeji nayo ni 192.168.1, na simu yake haitajua kama kompyuta anayoitafuta iko sebuleni au Goma. Ni kama avenyu mbili zenye jina moja katika karitie mbili.

Kisha ruta ya kwanza iambiwe: chochote kinachobisha mlango namba 51820, mpelekee yule wa pili. Huo ndio mlango wa kawaida wa WireGuard, na wa OpenVPN ni 1194. Ruta ya pili ipewe namba isiyobadilika, la sivyo umeme ukikatika na kurudi itapewa namba nyingine na mlango utaelekea ukutani. Kama kuna yule sentineli wa kampuni ya simu asiyemruhusu mtu yeyote, geuzeni mpango. Kodini kompyuta ndogo yenye namba ya wazi katika nchi nyingine. Ruta ya pili itoke yenyewe kuipigia, mfanyakazi naye aipigie kutoka aliko, wakutane pale. Ruta inatuma neno dogo kila baada ya sekunde 25 ili sentineli asisahau kwamba mazungumzo bado yanaendelea.

Na kuna shida moja ambayo vitabu vya Ulaya havikai nayo sana: saa. Ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika usiku, zinaamka asubuhi zikiamini ni mwaka uliopita. OpenVPN itakataa vyeti vyake ikisema muda wake bado haujafika, na WireGuard nayo inaweza kukataa salamu za mashine ambayo saa yake imerudi nyuma. Fundi atabadilisha waya siku nzima. Iacheni ruta ichukue saa sahihi kutoka intaneti kwanza, kabla ya kuanza VPN.

Je, ni kweli kuna mtu anayetaka orodha zetu? Kuna mfano, na unatuhusu moja kwa moja. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba watu wasiojulikana wameingia kwenye kompyuta zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000. Walikuwa watu gani? Familia zilizotenganishwa na vita, majanga na uhamaji, watu waliopotea na jamaa zao, watu waliofungwa. Habari zilitoka kwa vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Wavamizi waliingia tarehe 9 Novemba 2021, wakakaa siku 70 kabla ya kugunduliwa. Walipitia kasoro ya programu iliyokwisha kujulikana, lakini pale ilikuwa bado haijazibwa. Kwa muda, kazi ya kutafuta jamaa waliopotea ilibidi ifanywe kwa njia za mkono. Ikiwa hilo linawapata wale wenye wataalamu na fedha, biro yetu ya vyumba vitatu isijidanganye kwamba ni ndogo mno kuonekana.

VPN yenyewe inaweza kuwa mlango wa mwizi. Mei 2021 huko Marekani kampuni ya bomba la mafuta, Colonial Pipeline, ilisimamisha bomba lake, na vituo vya mafuta vya majimbo ya mashariki vikakauka. Wavamizi walikuwa wameingia kwa akaunti ya zamani ya VPN ambayo hakuna aliyeitumia tena, lakini hakuna aliyeifunga, na ilihitaji nywila tu. Kampuni ililipa dola milioni 4.4. Sasa tujiulize: katika mashirika yetu, ni wafanyakazi wangapi wameondoka tangu mwaka 2021, baada ya volkeno ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei na watu kukimbilia Sake na kuvuka mpaka? Ni wangapi waliondoka Januari 2025 Goma ilipotekwa, na makambi ya Kanyaruchinya na Bulengo yakabaki matupu? Kila mmoja aliyekuwa na ufunguo kwenye simu bado anao, au anao yule aliyeichukua simu.

Hapo ndipo mpaka wa VPN ulipo, na ni afadhali tuuseme wazi. Inafunga njia, haifungi miisho yake. Kijana akisimamishwa kwenye bariere na kuambiwa afungue simu, kufuli ya WireGuard haitamsaidia. Kama orodha imehifadhiwa ndani ya simu, itasomwa. Mfanyakazi asome orodha ikiwa kwenye kompyuta ya biro, asiipakue.

Watu wengi hapa wamelijua neno VPN kwa sababu nyingine, nayo ni mitandao kuzimwa. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, meseji zilikatwa nchini kwa wiki kadhaa, na viziwi waliotegemea meseji wakabaki bila njia. Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, ilikatwa tena na kurudi baada ya siku kama 20. Mwanzoni mwa Februari 2025 X na TikTok zilifungwa, na watu wengi wakakimbilia VPN za kwenye simu. Tutofautishe. Kama ni X peke yake iliyofungwa, VPN inapita, kwa kuwa anayefunga haoni unakokwenda. Kama waya wenyewe umekatwa, hakuna sanduku linaloweza kupita, na ruta ya pili itakaa na taa yake nyekundu kama ya kwanza.

Tena VPN ya bure ya kwenye simu si ile ya biro. Ile ya biro inaishia kwenye ruta yenu. Ile ya bure inaishia kwa mwenye kampuni, na yeye anaona unakokwenda. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, na programu yake ya VPN ya bure iliyoahidi kumlinda mtu ilitumika kujua watu wanatumia programu gani nyingine. Iliondolewa kwenye duka la Apple Agosti 2018.

Basi siku karani atakapowaandikisha tena, mama au papa anaweza kuuliza kwa upole: orodha hii itasomwa na nani, na akiibiwa simu, nani anaifunga? Kama biro ina ruta yake na fundi anayeijua, swali la pili lina jibu fupi. Fundi anaingia kwenye ruta ya pili, anatafuta mstari wenye ufunguo wa simu ile, anaufuta na kuhifadhi. Kuanzia dakika ile simu iliyoibiwa inabisha hodi, na ruta haijibu kitu.